Hatimkato Haitoki Ofisini

Nilijifunza kuandika upesi kabla sijajifunza kuandika vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Chuo cha Uhazili Tabora, tulikaa wasichana chumba kizima na penseli zilizochongwa, tukichora vijistari vya hatimkato: kijistari chembamba kwa p, kinene kwa b, nukta na vidashi kwa irabu. Mfumo huo aliutunga Mwingereza Isaac Pitman mwaka 1837, kwa sikio la Kiingereza, na sisi ikatubidi kuuvalisha kanga ya Kiswahili. Mwenye haraka huziacha irabu. Kwa Kiingereza pengine hasara si kubwa, lakini kwa Kiswahili ukiziacha, "baba" na "babu" huwa kitu kimoja karatasini. Ni wewe uliyekuwapo chumbani tu unayekumbuka ni yupi kati yao aliyetajwa.

Kwa sababu hiyo tulifundishwa kanuni ambayo mwalimu wetu hakuchoka kuirudia: hatimkato haitoki ofisini. Unaandika upesi ili umfuate msemaji, kisha unaketi mbele ya taipureta na kulipiga kila neno kwa ukamilifu wake, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo. Hatimkato ni ya mwandishi. Barua ni ya msomaji. Nilifanya kazi ya ukatibu muhtasi kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikumbuki kanuni nyingine ya chuoni iliyonifaa kama hiyo.

Msomaji ataniuliza, je, barua za serikali hazikuwa na vifupisho? Zilikuwa navyo tele. Palikuwa na Kumb. Na. juu ya ukurasa, S.L.P. chini ya jina la ofisi, Yah: mbele ya kichwa cha habari, Ndg. mbele ya jina la mtu, na Kny: pale msaidizi alipotia saini kwa niaba ya mkuu wake. Lakini hivyo vilikuwa vifupisho vya watu wote. Mtoto alifundishwa shuleni jinsi ya kuandika barua ya kikazi, akakosea, akachapwa, akasahihisha. Aliyepokea barua yenye Yah: alijua amefikishwa kwenye jambo lenyewe. Kifupisho kinachojulikana na pande zote mbili ni neno kama neno jingine. Kisichojulikana na upande mmoja ni mlango uliofungwa.

Barua pepe ilipoingia ofisini kwetu, mwaka 1998, wakubwa waliiogopa kidogo, nami nikakabidhiwa kama ilivyo desturi ya vitu wanavyoviogopa wakubwa. Nilipoifungua nilikuta pale juu watu ninaowafahamu. Re: niliyoambiwa kuwa ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujibu, ilikuwapo tangu zamani katika barua za Kiingereza, nayo ni Kilatini, maana yake "katika jambo la". Ni Yah: yetu ileile, imevaa koti. Kompyuta huiweka yenyewe kila unapojibu, ndiyo maana baadhi ya barua huwa na Re: tatu au nne zilizopangana kama behewa za gari moshi.

Cc ilinifurahisha zaidi. Wanafunzi wangu wa leo huona herufi mbili tu. Mimi huona vidole vyeusi. Kirefu chake ni nakala ya kaboni. Karatasi ya kaboni iliandikishwa hataza huko Uingereza na Ralph Wedgwood mwaka 1806, na hadi mashine za kurudufu zilipoenea, hiyo ndiyo iliyokuwa njia yetu. Unapanga karatasi nyeupe, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni, karatasi nyembamba, unaviingiza vyote katika taipureta na kugonga kwa nguvu. Nakala ya kwanza husomeka vizuri, ya pili hufifia, ya nne ni ukungu. Cheo cha mtu ungekijua kwa weusi wa nakala aliyoletewa. Katika barua pepe nakala zote ni nyeusi sawasawa, na hilo ni jambo jema. Anayewekwa kwenye Cc haandikiwi yeye, anajulishwa tu; aliyeandikiwa ndiye anayetakiwa kujibu. Hili ndilo somo la kwanza ninalompa anayeanza, kwa maana wengi huona jina lao mahali pale wakadhani wameitwa kikaoni.

Bcc ni nakala ya siri. Nayo ilikuwapo enzi zetu: unatoa barua halisi kwenye mashine, unarudisha nakala peke yake, unapiga juu yake jina la mtu wa tatu ambaye mwandikiwa hatakiwi kumjua. Inayo matumizi ya heri. Ukiwaandikia watu hamsini tangazo la msiba, kwa mfano, si adabu kumwonyesha kila mmoja anwani za wengine wote. Lakini nimeiona ikitumika kumchongea mtu zaidi ya nilivyoiona ikimsitiri, nasema wazi siipendi. Fwd: haina siri: ni barua iliyotoka kwa mtu mwingine, nami nimeisukuma mbele ikufikie.

Hao ni wazee wa masjala. Baadaye yakaja makundi ya herufi kubwa ambayo masjala haikuyazaa.

Mwaka 2018 jirani yangu hapa Tanga, mjane wa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Hakuwa na anwani ya barua pepe, kwa hiyo kwenye fomu aliandika ya mjukuu wake aliye Dodoma, kijana mzuri, karani wa kampuni. Siku moja barua ikaja kutoka ofisi inayohusika. Mjukuu akaisukuma kwenye simu janja aliyomnunulia bibi yake, na juu yake akaandika mstari mmoja: FYI, pls ack ASAP.

Sasa mtazame mama huyu. Ameishi maisha yake yote katika nchi ambayo herufi kubwa zikikaa pamoja ni ofisi. TRA ni ofisi. TANESCO ni ofisi. NSSF, TAZARA, BAKITA ni ofisi. RITA, ambayo ungedhani ni binti wa watu, ni ofisi, tena ndiyo iliyompa cheti cha kifo cha mumewe. Aliposoma FYI na ASAP, akili yake, ambayo si akili ndogo, ilimwambia kwamba shauri lake limetoka ofisi moja kwenda nyingine, na kwamba hizo mbili zitamwita. Akangoja. Siku ya tisa akaja barazani kwangu, tukaamkiana, akanyoosha simu.

"Mwanangu, hii ASAP ofisi yake iko upande gani hapa mjini? Nimeuliza hadi posta, wananicheka."

Nilimwambia kwamba FYI ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa taarifa yako", na ASAP maana yake "haraka iwezekanavyo". Ack ni kukiri kwamba umepokea, na pls ni tafadhali iliyonyang'anywa irabu. Alikaa kimya. Kisha akauliza, "Haraka ya nini?" Ndipo nilipokiona chini ya mstari ule kibanio kidogo cha karatasi.

Kibanio hicho ni kiambatisho. Zamani tuliandika chini ya barua "Viambatisho: 3" na kuvibana kwa chuma, katika barua pepe picha ya kibanio hukueleza kwamba kuna karatasi nyingine ndani, nayo hufunguliwa kwa kuigusa. Yeye hakujua kwamba hufunguliwa. Alidhani ni pambo. Nilipoigusa, ikatoka barua ya ofisi, Kiswahili sanifu, kila neno kamili, ikimtaka awasilishe nakala zilizothibitishwa za hati ya usimamizi wa mirathi na vyeti vingine ndani ya siku 14. Zilikuwa zimebaki tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Tulikimbia mahakamani, tukakimbia kwa wakili, tukatuma kwa basi la usiku. Zilifika zikiwa zimechelewa siku mbili. Ofisi ikasema faili limekwisha rudishwa nyuma ya foleni, na fedha zikatoka mwaka uliofuata. Mjukuu mwingine, binti aliyekuwa amepata nafasi chuoni, alikosa ada, akakaa nyumbani mwaka mzima.

Simlaumu kijana wa Dodoma. Nilimpigia simu jioni ile. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mama, maneno hayo nayaandika mara ngapi kwa siku hata siyaoni tena." Nilimwelewa kabisa. Mkono wangu nao ulizoea vijistari vya Pitman hata nikawa naandikia orodha ya sokoni. Tofauti ni moja tu: orodha ya sokoni nilikwenda nayo mwenyewe.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu hufupisha. Zamani sababu ilikuwa fedha. Simu ya maandishi ya posta ililipiwa kwa neno, na hapo Kiswahili kilikuwa na bahati yake, kwa kuwa "nitakupokea" ni neno moja ambapo Mwingereza hulipia manne. Ujumbe wa simu ya mkononi nao ulipewa nafasi ya herufi 160 tu, na ukizidisha unalipia wa pili. Aliyekata maneno alikuwa anakata gharama. Lakini barua pepe haihesabu herufi. "Haraka iwezekanavyo" na ASAP zina bei ileile. Kwa hiyo naona kilichobaki ni mazoea, na nyuma ya mazoea, ladha ya kuwa miongoni mwa wanaojua. Ladha hiyo si ya leo. OMG, ambayo vijana huandika wakistaajabu kwa kumtaja Mungu, ilikwisha andikwa na amiri mzee wa jeshi la majini la Uingereza, Lord Fisher, katika barua aliyompelekea Winston Churchill mwaka 1917.

Nyingine nitazipitia haraka, maana msomaji atakutana nazo. BTW ni kama kusema "halafu, kabla sijasahau". IMHO ni "kwa maoni yangu madogo", na mara nyingi hutangulia maoni yasiyo madogo hata kidogo. N.B. ni Kilatini, "zingatia vizuri". P.S. nayo ni Kilatini, yaani lililoandikwa baada ya saini. Katika barua ya mkono ilikuwa na maana, kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha, lakini kwenye kompyuta ungeweza kurudi juu ukaliingiza neno lako mahali pake. LOL ni "nacheka kwa sauti". Iogope hiyo. Wapo waliodhani ni salamu za upendo wakaiandika katika rambirambi.

Baada ya shauri lile jirani yangu aliniambia anataka kujifunza "hizo herufi za wajukuu". Alikuja na dada yake, dada yake akaja na shoga yake, na ikawa kila Jumanne baada ya alasiri barazani kwangu kuna akina mama sita na kompyuta mpakato moja ya zamani. Nilitarajia tutafundishana vifupisho wiki mbili tuachane. Kumbe vifupisho vilikuwa uzi tu, ukiuvuta nguo nzima inafumuka.

Jambo lililonishangaza ni jinsi maneno ya kompyuta yalivyo ya ofisi yangu ya zamani. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ilitoa kompyuta iitwayo Star, ambayo kiooni ilionyesha picha za karatasi, majalada na trei ya barua zinazoingia, ili karani asiwe mgeni mbele ya mashine. Tangu hapo tunaishi ndani ya masjala ya kuchora. Kioo kikiwaka, kile unachokiona ni meza. Faili ni karatasi moja au kitabu kizima ulichokipa jina. Folda ni jalada la kuwekea mafaili. Kukata na kubandika ni kazi tuliyoifanya kwa mkasi na gundi, wakati mkuu alipotaka aya ya tatu iwe ya kwanza. Kitufe cha Shift kimebeba jina la kazi ya chuma: ukikibonyeza kwenye taipureta, kapu zima la herufi lilihama ili herufi kubwa ifikie utepe. Akina mama wale, ambao mmoja wao alikuwa karani wa bandari, walianza kucheka. Hakuna mgeni hapa, akasema.

Kipanya kilileta mjadala. Kifaa hicho kilionyeshwa hadharani na Mmarekani Douglas Engelbart huko San Francisco mwaka 1968, na cha kwanza kabisa kilikuwa kisanduku cha mbao chenye waya kama mkia. Kwa watu wa rika letu waliowahi kuishi Dar es Salaam, vipanya ni yale mabasi madogo ya abiria ya miaka ya 1990, na mama mmoja hakuweza kulisikia neno hilo bila kuuliza nauli. Mashine yenyewe nayo ina majina mengi: sisi twasema kompyuta, majirani zetu wa Kenya hufundisha tarakilishi, na wako waliopendekeza ngamizi. Nenosiri wengine huliita nywila. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi iliyoandikwa yote kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na ninaiheshimu kazi ile. Hata hivyo barazani kwangu nilifuata lililokuwa mdomoni mwa watu. Neno "barua pepe" halikupingwa na yeyote. Masikioni mwetu lina upepo ndani yake.

Alama ya @ sikuwa na haja ya kuifundisha. Kila mama aliyewahi kuandikiwa ankara anaijua: mifuko 10 @ 500, yaani kila mmoja shilingi mia tano. Mwaka 1971 mhandisi Ray Tomlinson, akituma barua kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine anayoitumia, akaichukua hiyo kwa kuwa haimo katika jina la mtu yeyote. Kushoto ni nani, kulia ni wapi. "Kama fulani wa Pangani," akasema jirani yangu, na sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo.

MB ndiyo iliyotuchukua muda. Waliijua kama wanavyoijua sukari: kitu kinachonunuliwa kwa vifurushi na kuisha kabla ya wakati. Nikawaeleza hivi. Kompyuta inajua mambo mawili tu, ipo na haipo, kama taa. Taa nane zikipangwa pamoja huitwa baiti, nazo zatosha kubeba herufi moja ya Kiswahili. Tuna bahati, kwa sababu herufi zetu hazina vikofia wala mikia. Hata kile kiritima cha ng'ombe kimo katika orodha ndogo ya alama 128 waliyoitunga Wamarekani mwaka 1963. Ukurasa mmoja wa taipureta una herufi kama elfu mbili. MB moja ni baiti kama milioni moja, yaani kurasa mia tano. Hapo karani wa bandari alishika kichwa. "Basi mimi MB 500 zangu nimezipeleka wapi?" Tukatazama simu yake. Zilikuwa zimekwenda kwenye video ya harusi aliyotumiwa na kundi la ukoo, ambayo hakuwa hata ameitazama. Picha na sauti hula. Maneno hayali kitu. Barua zote alizowahi kuandika maishani zingeingia katika robo ya harusi ile.

Vijana wametunga hatimkato yao ya Kiswahili, na hiyo nayo tuliifungua. Huandika xaxa kwa sasa, cjui kwa sijui, na tarakimu 2 mahali pa "tu", wakiisoma kwa Kiingereza. Jirani yangu aliletewa "bibi 2ko njiani" akasoma "bibi mbiliko njiani", akamuuliza jirani wa pili kama Mbiliko ni mtu wa upande wa mama. Nilipomwonyesha, alicheka hadi machozi, kisha akatikisa kichwa. Ili kusoma Kiswahili cha mjukuu wake, alisema, inampasa kwanza ajue kuhesabu Kizungu.

Mjukuu wa Dodoma siku hizi humwandikia maneno mazima. Naye bibi amepata anwani yake mwenyewe, na kati ya vifupisho vyote nilivyomfundisha amechagua kimoja, kile alichokijua tangu darasani. Kila barua yake huanza hivyo, kwa herufi kubwa na mstari chini: Yah: Maembe. Yah: Goti Langu la Kushoto. Yah: Yule Binti Uliyekuja Naye. Majibu hurudi jioni, na pale juu kompyuta huwa imekwisha ongeza Re: yake mbele ya Yah: ya bibi, wakikaa pamoja, Mlatini na Mswahili, wakisema jambo lilelile.